Tujue kwanza tumerithi nini
Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Uvira, juu ya kujenga upya programu yetu ya soko



Kamati imeniomba niongee juu ya programu ya soko, ile tuliyoachiwa na mradi, na juu ya pendekezo lililo mezani la kuijenga upya kwa msaada wa akili bandia. Najua maneno mengi yamekwisha kutembea katika kartie. Wengine wamesikia kwamba kazi itakwisha kwa majuma mawili. Wengine wamesikia kwamba mashine itakula pesa zao. Nitaeleza pole pole, maana jioni mtapiga kura, na si vizuri mtu apige kura juu ya kitu alichosimuliwa nusu.

Tukumbuke kwanza ilitoka wapi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka katika njia yake. Watu walikufa, nyumba zilikwenda, na mpaka leo kuna familia ambazo hazijarudi pale zilipokuwa. Katika vitu vilivyochukuliwa na maji, vile vidogo ambavyo hakuna ripoti iliyovihesabu, kulikuwa na makaye ya wamama wafanyabiashara. Nani amechukua ndagala kwa deni, nani amelipa nusu, nani amewekesha pesa yake kwa mama fulani mpaka mwisho wa mwezi. Yote yalilowa, wino ukatoka. Kwa hiyo mradi ulipokuja ukasema tutawaandikia programu ya telefone ambayo maji hayaifiki, watu hawakuhitaji kushawishiwa.

Na programu ile imefanya kazi, tuseme ukweli. Ndugu aliye Louisville ama Nairobi anachagua gunia la mchele wa uwanda wa Ruzizi, bidoni ya mawese kutoka Fizi, ama ndagala wakavu, analipa, na mama yake hapa Kasenga anapokea mzigo mlangoni kwa motari. Mwanachama aliye hapa naye anaweka bidhaa zake na kuuza mpaka Bukavu na Bujumbura. Malipo yanapita kwa M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money, na upande wa pili wa Kavimvira kwa Lumicash. Kwa watu waliorudi kutoka Nyarugusu na Lugufu bila duka, bila jirani wa zamani, bila mtu wa kuwakopesha, hilo si jambo dogo.

Kisha fedha za mradi zikaisha. Siwalaumu, miradi huisha. Mtu wa enformatiki aliyeiandika alikuwa amekwisha kuhama nchi. Siku ya kukabidhiana chama kilipewa bahasha yenye karatasi mbili: maneno ya siri, ambayo nusu yake hayafungui kitu, na jina la intaneti la soko letu ambalo limeandikishwa kwa barua pepe ya mtu binafsi. Ndiyo kusema, mlango wa duka letu uko kwa jina la mtu ambaye hatuko naye tena. Hilo ndilo la kwanza kurekebisha, na halihitaji akili bandia hata kidogo. Linahitaji barua, saini, na mtu wa kufuatilia.

Nyumba ya urithi ukiikuta imesimama, unaweza kulala ndani. Programu ya urithi inaweza kuonekana imesimama, kumbe seva yake inalipiwa mwaka kwa mwaka na bili inayofuata haina mwenyewe. Msifikiri ni sisi maskini peke yetu. Jumia, kampuni kubwa ya kuuza vitu kwa intaneti Afrika, ilifunga kazi zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Copia ya Kenya, iliyokuwa ikiwauzia watu wa vijijini kwa njia ya mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi mwezi wa Mei 2024, na ile ilikuwa imepokea mamilioni mengi ya dola kutoka kwa wawekezaji. Tofauti ni moja tu. Kampuni ikifungwa, duka linafungwa nayo. Kwetu mradi umefungwa lakini duka linaendelea, watu bado wanaagiza, na pesa za wanachama bado zimo ndani.

Sasa hiyo akili bandia. Siku hizi kuna majukwaa kwenye intaneti ambapo unaandika kwa maneno ya kawaida, hata kwa Kiswahili, kile unachotaka, nayo inakuandikia programu. Unaona kitu kinatokea mbele yako, unasema kitufe hiki kiwe kikubwa, kinakuwa kikubwa. Mwezi wa Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, aliipa jina namna hiyo ya kujenga kwa hisia tu, bila kusoma msimbo uliomo ndani, na tangu hapo kila mtu mwenye komputa anasema anaweza kuandika programu. Majukwaa hayo yanalipiwa kwa mwezi, kwa dola, kwa kadi ya benki. Intaneti ikikatika ama umeme wa SNEL ukikatika, kazi inasimama mpaka virudi, na hapa mnajua ni mara ngapi.

Kwa miezi miwili iliyopita, mimi na vijana watatu wa chama tumekuwa tukijaribu. Hatukuijaribu kwa kujenga. Tuliijaribu kwa kusoma. Tuliupa msimbo wa zamani, msimbo peke yake bila jina la mtu hata mmoja, tukaiuliza: hii kitu inafanya nini? Na hapo, wapendwa, ilinishangaza. Msimbo ule una maelezo machache ya Kifaransa, vifupisho ambavyo mwandishi peke yake alivijua, na sehemu zilizobandikwa juu ya sehemu nyingine kama kiraka juu ya kiraka. Kwa saa chache ilituandikia kwa lugha inayoeleweka sehemu ipi inafanya nini, na ipi inaitegemea ipi. Ilituonyesha pia lile kosa ambalo wamama wamelilalamikia muda mrefu, la agizo moja kuandikwa mara mbili. Mtu analipa, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, anabonyeza tena, na programu inaandika agizo jipya badala ya kuuliza kama lile la kwanza limekwisha kulipwa. Kumlipa mtu wa enformatiki kutoka Bukavu aje asome yale yote kungechukua pesa ambayo hatuna. Kwa kazi hiyo ya kusoma, mimi naitetea mbele ya yeyote.

Lakini ngojeni niwaeleze habari ya mwezi.

Ndani ya msimbo tulikuta hesabu ndefu isiyo na maelezo yoyote. Inahesabu umri wa mwezi wa angani, tangu unapoandama mpaka unapojaa, na kila mwezi kwa siku kadhaa inaficha kitufe cha kuagiza ndagala wabichi. Mteja akifungua siku hizo, hakioni. Akili bandia ilieleza vizuri kabisa jinsi hesabu inavyofanya kazi, kisha ikasema, kwa adabu, kwamba haina sababu inayoeleweka katika duka la intaneti, pengine ni mabaki ya majaribio, na inapendekeza iondolewe. Kijana mmoja wetu alikuwa tayari kukubali. Tukasema hapana, tuipeleke kwanza Kalundu.

Nikawasomea wamama pale ufukweni. Mama mmoja aliyekuwa anaanika ndagala akacheka mpaka akaweka beseni chini. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo mashine haijalala njaa wakati wa mbalamwezi." Wale waliokulia ziwani hawahitaji kuelezwa, lakini nawaeleza wafadhili wetu. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga, wanakusanyika chini ya taa, wavu unawachukua kutoka chini. Mwezi ukijaa mwanga unaenea ziwa zima, samaki hawana sababu ya kukusanyika, na wavuvi wengi wanakaa nchi kavu karibu juma zima wakishona nyavu. Sasa kama programu inaendelea kupokea maagizo siku hizo, mtu wa ng'ambo analipa, na mama wa Kalundu anabaki na deni la samaki ambao hawapo. Ama anunue kwa bei ya kuumiza, ama aitwe mwizi. Mwanzoni ilitokea hivyo hivyo. Wamama walikwenda kumwambia yule mwandishi, naye akasikia, akauweka mwezi ndani ya programu. Hakuandika kwa nini. Labda aliona ni jambo ambalo kila mtu wa Uvira analijua, na kwa Uvira alikuwa na haki.

Siilaumu mashine. Ilisoma kilichoandikwa, na sababu haikuandikwa. Mtu wa enformatiki kutoka Paris angesema hivyo hivyo, na angetutoza zaidi. Mwenye kujua alikuwa ufukweni na mikono yake ina magamba ya samaki, na hakuna mtu katika mradi wa kujenga upya aliyekuwa amepanga kwenda kumwuliza. Pendekezo la majuma mawili lina siku za kuchora, siku za kuandika, siku za kupima. Siku ya Kalundu haimo.

Na tulipokwenda tulipata zaidi ya tulichokwenda kutafuta. Wamama walisema siku zinazofichwa na programu ni chache kuliko siku ambazo mitumbwi inakaa kweli, na kwamba upepo nao unafunga ziwa bila kungoja mwezi. Tena kuna jambo jipya ambalo msimbo wa zamani haungeweza kulijua: kufunga ziwa kwa amri, ili samaki wazaliane. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, na mambo ya namna hiyo yataendelea kujadiliwa kati ya nchi zote nne zinazolizunguka ziwa. Kwa hiyo mawazo yangu ni kwamba programu mpya isihesabu mwezi peke yake. Iwe na kitufe, na kitufe kishikwe na kamati ya wauza samaki wenyewe. Wao wafunge, wao wafungue.

Mambo ya namna hiyo ni mengi, nitataja mawili tu. Kuna sehemu inayoitwa TEM. Kijana wetu alidhani ni joto. Ni shahidi, kwa Kifaransa témoin. Wazee wengi wanaotumiwa mizigo na watoto wao hawana telefone, ama telefone iko kwa mjukuu. Kwa hiyo mzigo hautoki mpaka jirani aliyechaguliwa na mzee mwenyewe apate ujumbe na kujibu. Akili bandia ilipotujengea mfano wa ukurasa mpya, ilimweka shahidi kama jambo la hiari, kwa sababu katika maduka ya dunia hii kupunguza hatua ni jambo zuri, mteja hachoki. Hapa kwetu hatua hiyo ndiyo inayomlinda bibi wa Kimanga asisikie kwamba mchele wake umekwisha kupokelewa na mtu asiyemjua.

Jambo la pili ni chenji. Mfano ule mpya ulirudisha salio kwa dola na senti. Senti! Nani katika Uvira amewahi kurudishiwa senti ya dola? Noti ya dola moja yenyewe hapa wanaikataa, na noti iliyochanika kidogo inarudi mfukoni mwako. Programu ya zamani inajua hayo, inageuza mabaki kuwa franka kwa bei ya asubuhi hiyo na kuyaweka kwenye salio la mwanachama. Ndiyo maana watu wengi mna pesa mle ndani ambazo mmezisahau. Ni kidogo kidogo, lakini ni zenu, na ukikusanya za wote si kidogo tena. Programu mpya itakayokosea hesabu hiyo hata kwa franka mia itakuwa imewaibia watu bila kujua.

Nije sasa kwenye lililo zito zaidi kwangu, nalo ni majina.

Hazina ya data ya programu yetu ina jina la kila mwanachama, namba ya telefone, kartie anayokaa, kijiji alichotoka, kambi aliyorudi kutoka kwayo, na ndugu wa ng'ambo wanaomtumia vitu. Mradi uliyachukua hayo yote kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi. Sisi tuliopita kambini tunajua orodha ni nini. Kule, jina lisilokuwa kwenye orodha halikupata mgao. Hapa tumejifunza upande wa pili. Mwaka 2025 maelfu ya watu wa Uvira na uwanda wa Ruzizi walivuka tena kuingia Burundi, na sihitaji kumweleza mtu yeyote katika ukumbi huu orodha inayoonyesha nani ametoka wapi na nani anapata dola kutoka ng'ambo inaweza kufanya nini ikiangukia mkono mbaya.

Basi ukitaka jukwaa la akili bandia likusaidie kujenga upya, njia rahisi ni kulipa kila kitu, msimbo na data pamoja, na kusema jenga. Inafanya kazi vizuri zaidi hivyo, ndiyo maana watu wanafanya. Na hivyo orodha yetu nzima inakwenda kukaa kwenye seva za watu tusiowajua. Nchi yetu ina sheria juu ya hilo, Kodi ya Namba, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za watu binafsi. Lakini hata bila sheria, jibu langu lingekuwa hapana. Sisi tulitengeneza majina ya uongo na namba za uongo, tukaipa hizo. Programu haijali kama mteja ni mtu kweli, inapimwa vilevile.

Hofu hii si ya bure. Mwezi wa Julai 2025 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akijenga programu kwa jukwaa la Replit. Alikuwa ameiandikia wazi isibadilishe kitu. Mashine ikafuta hazina ya data iliyokuwa ikifanya kazi, yenye habari za viongozi wa kampuni zaidi ya 1,200, kisha ikamwambia haiwezekani kuzirudisha. Haikuwa kweli, alizirudisha, na mkuu wa Replit, Amjad Masad, alisema hadharani kwamba jambo lile halikupaswa kuwezekana. Mwaka huohuo watafiti walikagua programu 1,645 zilizojengwa kwa jukwaa jingine, Lovable, wakakuta 170 zinamruhusu mtu wa nje kusoma habari za watumiaji. Kwa macho zilikuwa nzuri, zinafunguka, zinauza. Mlango wa nyuma ndio haukufungwa, na aliyezijenga hakujua kwamba kuna mlango wa nyuma.

Watu wakisikia hayo wananiuliza: basi tuache? Mimi sisemi tuache. Programu ya zamani inakufa, kila mwezi kuna kitu kinakatika, na siku seva itakapozimwa bila nakala ya akiba tutarudi kwenye makaye yaliyolowa. Nasema tujenge, ila kwa mpangilio mwingine.

Mpangilio wenyewe una mfano karibu nasi. M-Pesa ya Kenya, mnayoifahamu wengi mliopita Nairobi, nayo ilikuwa mfumo wa kurithi. Ilianza mwaka 2007 juu ya programu iliyotengenezwa Uingereza, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani. Mwezi wa Aprili 2015 Safaricom iliuhamisha mfumo wote kwenda jukwaa jipya la Huawei, na seva zikaletwa Kenya. Wateja walitangaziwa mapema kwamba usiku fulani huduma itasimama. Kitu ambacho nchi nzima inakitegemea kwa chakula kilihamishwa usiku, kwa taarifa, baada ya matayarisho marefu. Sisi ni wadogo, lakini tunaweza kuiga hilo la taarifa na la matayarisho.

Kwa hiyo ninachoomba mkipigie kura ni hiki. Kwanza funguo: jina la intaneti, seva, namba za mfanyabiashara za M-Pesa na nyinginezo, vyote viwe kwa jina la chama, na maneno ya siri yashikwe na watu watatu waliochaguliwa hapa, mmoja wao mama, asiwepo mfanyakazi wa shirika lolote katika hao watatu, na mimi mwenyewe nikiwemo kati ya wasiowemo. Halafu kanuni: tumekwisha kuandika kurasa saba za mambo kama yale ya mwezi na shahidi, kila moja na sababu yake, kwa Kiswahili. Kila kartie isomewe, iongeze. Hizo kurasa ndizo atakazopewa mwandishi mpya, awe mtu ama mashine. Tutapunguza pia tunachokusanya. Kambi mtu aliyotoka haihitajiki ili kuuza mchele, ifutwe.

Ndipo tujenge, na akili bandia isaidie hapo kwa nguvu zake zote. Kisha mwezi mmoja programu mbili zitembee pamoja, ya zamani na mpya, na kila jioni vijana walinganishe salio la kila mwanachama, franka kwa franka. Zikitofautiana, tunafungua kaye ya mama mwenyewe. Najua mtasema tulikimbia makaye tukaja kwenye telefone, leo tunarudi kwenye makaye. Kwa mwezi mmoja, ndiyo.

Kwa wafadhili wetu nina maneno machache, na naomba mnivumilie. Mnapenda kulipia kujenga, kwa sababu kujenga kunaonekana kwenye picha. Akili bandia imefanya kujenga kuwe rahisi, na hatari yake ni kwamba sasa kila mradi utatuletea programu mpya na kutuachia yatima mwingine. Hata hiyo rahisi tuipime vizuri. Mwaka 2025 watafiti wa METR huko Marekani waliwapima waandishi wa programu 16 wenye uzoefu, kila mmoja katika msimbo aliokuwa anaufahamu tayari. Walipotumia akili bandia walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na wao wenyewe waliamini wamekwenda haraka zaidi kwa asilimia 20. Vyombo vinabadilika kila mwezi, huenda leo hesabu ni nyingine, lakini mtu anayewaahidi majuma mawili kwa msimbo wa kurithi mwulizeni amekwisha kuusoma.

Kitu tunachokikosa ni pesa ya mwaka wa pili na wa tatu. Seva, nakala ya akiba, kijana mmoja anayelipwa siku chache kwa mwezi kusikiliza malalamiko na kurekebisha. Na tukumbuke pia M-Pesa ilizaliwa na fedha za wafadhili, za serikali ya Uingereza, ikajaribiwa kuanzia 2005 ili watu walipe mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye mradi wakakubali kuwafuata watu badala ya kuwarudisha kwenye karatasi ya mradi. Mkituachia nafasi ya kubadilisha, huenda hata ile sehemu ya Bujumbura, ambayo mradi uliiona ndogo, ikawa ndiyo inayotulisha.

Vijana wameniuliza kama kuna kazi kwao katika haya. Ipo. Mmoja wa wale watatu hakuwahi kusomea enformatiki, ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye aliyeuliza maswali bora kuliko sisi sote, kwa sababu hakuona aibu kuuliza kila neno lina maana gani. Tunahitaji wengine wawili wa namna hiyo, na angalau mmoja awe msichana anayeelewana na wamama wa samaki.

Kura ikipita, tunaanza Jumatatu, na tunaanza kwa makaye kabla ya komputa. Wamama wa Kalundu, tutafika asubuhi mkishamaliza kuanika. Kasenga na Kimanga ni mchana, Mulongwe na Kavimvira ni Jumanne. Aliye na karatasi yoyote ya mradi wa zamani, hata risiti, aje nayo. Na mwenye salio ndani ya programu ya zamani aje na telefone ileile aliyojiandikisha nayo. Kama ilipotea ama iliibwa wakati wa kukimbia, aje na shahidi wake.